Hisa za dalali au za mwenye ghala? eBay ikipimwa na wenzake

Amazon ilipouza hisa zake kwa umma kwa mara ya kwanza, Mei 1997, hisa moja ilikuwa dola 18. eBay ikafuata Septemba 1998, nayo kwa dola 18. MercadoLibre, ambayo watu wengi waliifahamu kama eBay ya Amerika ya Kusini, iliingia soko la hisa la Nasdaq Agosti 2007 kwa bei ileile. Kampuni tatu za kuuza na kununua mtandaoni, zote zimeanzia mstari mmoja. Kwa hiyo anayejiuliza leo kama aweke akiba yake ya muda mrefu kwenye hisa za kampuni ya mnada wa mtandaoni hahitaji kupiga ramli. Jaribio limeshafanywa, na majibu yapo.

Niweke wazi msimamo wangu mapema: sina imani na eBay kama hisa ya kununua na kuisahau kwa miaka 20. Sisemi ni kampuni mbovu. Kwa kweli ni biashara tamu sana. Ila biashara tamu na hisa nzuri ni vitu viwili, na watu huvichanganya kila siku.

Hisa moja, miaka ishirini

Tuanze na hesabu, maana maneno matupu hayavunji mfupa.

Aliyepata hisa moja ya eBay kwa dola 18 mwaka 1998 (na waliopata kwa bei hiyo walikuwa wachache, siku ya kwanza tu ilifunga juu ya dola 47) aliona hisa hiyo ikigawanywa mara nne: 1999, 2000, 2003 na 2005. Moja ikazaa 24. Kwa bei ya mwisho wa 2004, hizo 24 zilikuwa na thamani ya takriban dola 1,395. Dola 18 zimekuwa 1,395 ndani ya miaka sita! Wakati huo Amazon ilikuwa mdogo wake. Hisa moja ya Amazon ya 1997, ukihesabu migawanyo yake yote hadi ule wa 2022, ni hisa 240, na mwisho wa 2004 zote kwa pamoja zilifika kama dola 531 tu.

Sasa ruka miaka 20. Mwisho wa 2024 hisa ya eBay ilifunga karibu dola 62. Mara 24, ni dola 1,487. Lakini tusimwonee: Julai 2015 eBay iliiachia PayPal, kampuni yake ya malipo ya mtandaoni, ijitegemee, na kila mwenye hisa moja ya eBay akapewa moja ya PayPal. Hizo 24 za PayPal, kwa bei ya dola 85 na senti mwisho wa 2024, ni dola 2,048 nyingine. Jumla, dola 3,535. Ongeza gawio, yaani fedha wanazogawiwa wenye hisa, ambalo eBay ilianza kulitoa 2019, dola zaidi ya 100 kwa hisa hizo 24. Ndiyo yote.

Amazon, mwisho wa siku ileile: dola 52,650.

Utasema si haki kumlinganisha mtu na bingwa. Sawa. Tumlinganishe na mtu wa kawaida kabisa. Fahirisi ya S&P 500, inayofuatilia hisa za kampuni kubwa takriban 500 za Marekani, ilikuwa 1,212 mwisho wa 2004 na 5,882 mwisho wa 2024. Yule mwenye dola 1,395 za eBay angeuza siku hiyo na kuzitia kwenye mfuko unaofuata fahirisi hiyo, bila kuchagua kampuni wala kusoma ripoti yoyote, angekuwa na karibu dola 6,770, na hapo sijagusa gawio. eBay, pamoja na zawadi ya PayPal, haikufika hata 3,700.

Kinachoniuma katika hesabu hii ni mwaka wa kuanzia. Mwaka 2004 eBay haikuwa kampuni ya kubahatisha. Ilikuwa na faida, ilikuwa na jina, ilikuwa imemshinda kila aliyejaribu mnada Marekani, Amazon ikiwemo, iliyofungua mnada wake Machi 1999 ukafifia. Kila mtu alikuwa sahihi kuhusu biashara. Walikosea bei. Wanaosoma minada huita jambo hili laana ya mshindi: anayeshinda mnada mara nyingi ni yule aliyekadiria juu kuliko wote, yaani aliyekosea zaidi. Na soko la hisa, ukilitazama vizuri, ni mnada tu usiofungwa. Mnunuzi wa eBay wa Desemba 2004 alipanda dau juu ya wote.

Utamu wa udalali, na uchungu wake

eBay ni dalali. Hana bidhaa, hana ghala, hana lori. Pierre Omidyar alipoianzisha Septemba 1995 huko San Jose, California, kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kalamu ya leza iliyovunjika, kwa dola 14.83. Hiyo ilikuwa ya Omidyar mwenyewe, lakini kilichofuata kilikuwa udalali mtupu. Alikutanisha wanunuzi na wauzaji na kuchukua chake. Mtindo huo haujabadilika hadi leo: mwaka 2024 bidhaa za takriban dola bilioni 75 zilipita kwenye jukwaa hilo, na kampuni ikaingiza mapato ya dola bilioni 10.3. Kwa kila dola 100 za mauzo, karibu 14 zinabaki kwa dalali kwa njia ya kamisheni, ada za malipo na matangazo.

Amazon ni mwenye ghala. Anabeba, anapakia, anapeleka, na kwa miaka mingi alifanya hivyo bila faida ya maana. Mwaka 2001 hisa yake ilikuwa imeporomoka zaidi ya asilimia 90 kutoka kilele cha 1999. Ukimweka dalali na mwenye ghala kwenye mizani mwaka huo, mtu mwenye akili timamu angemchagua dalali. Mimi pia ningemchagua.

Basi tazama wiki mbili za mwanzo wa 2005. Tarehe 20 Januari hisa ya eBay ilianguka karibu asilimia 19 kwa siku moja, baada ya matokeo ya robo mwaka kuwakatisha tamaa wachambuzi. Tarehe 2 Februari Amazon ikatangaza Prime: lipa dola 79 kwa mwaka, mzigo ukufikie ndani ya siku mbili bila kulipia usafirishaji. Wengi waliona ni kujichoma kisu. Kumbe ndipo ghala lilipogeuka silaha. Mnunuzi aliyezoea mzigo kufika keshokutwa hana subira na muuzaji asiyemjua anayesema "nitatuma nikipata nafasi." Dalali hawezi kuahidi muda wa kufika kwa mzigo asioushika. Mwaka 2008 thamani ya soko ya Amazon ikaipita ya eBay, na kadiri miaka ilivyopita pengo likapanuka.

Hapo ndipo shaka yangu ilipo hasa. Nguvu ya dalali ni umati: wanunuzi wanakwenda waliko wauzaji, wauzaji wanakwenda waliko wanunuzi. Nguvu hiyo inamfukuza mshindani mdogo, lakini haimzuii aliye tayari kufanya kazi hiyohiyo bure. Japani, Yahoo! ilitangulia na mnada usiotoza ada, eBay ikafunga virago 2002. China, eBay iliinunua EachNet, tovuti ya mnada ya huko, ikiwa ndiyo inayoongoza. Mei 2003 Taobao ikazaliwa, haitozi wauzaji kitu, na kufikia Desemba 2006 eBay ilikuwa imefunga tovuti yake ya huko. Ukiona biashara ambayo mpinzani anaweza kuivunja kwa kusema tu "kwangu ni bure," usiilipie bei ya biashara isiyoweza kuvunjika.

Katikati ya vita hiyo, mwaka 2005, eBay ilitoa dola bilioni 2.6 kuinunua Skype, huduma ya kupiga simu kwa mtandao. Eti muuzaji na mnunuzi wataongea. Miaka miwili baadaye ikafuta dola bilioni 1.4 vitabuni kwa ununuzi huohuo. Yatosha.

Keki haikui, vipande vinapungua

Mtetezi wa eBay atasema: hayo ni ya kale, kampuni ya leo chini ya Jamie Iannone, aliyeshika usukani Aprili 2020, ni nyingine. Ana hoja, na ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande ule, kwa hiyo niikalie.

Hoja ni hii. Mwaka 2015 eBay ilikuwa na hisa karibu bilioni 1.2 mikononi mwa watu. Mwanzoni mwa 2025 zilikuwa chini ya milioni 480. Kampuni imekuwa ikinunua hisa zake yenyewe na kuzifuta. Chukua mfano mdogo: kampuni inapata faida ya shilingi 100 kwa mwaka na ina hisa 10, kila hisa inadai 10. Futa hisa 6, faida ibaki ileile 100, sasa kila hisa iliyobaki inadai 25. Faida haijaongezeka hata senti, lakini wewe uliyebaki umenona. Ndiyo maana hisa ya eBay inaweza kupanda hata biashara ikiwa imesimama palepale.

Na kweli ilikuwa imesimama. Thamani ya bidhaa zilizouzwa ilikuwa kama dola bilioni 87 mwaka 2021, ikashuka hadi 74 mwaka 2022, 73 mwaka 2023, 75 mwaka 2024. Wanunuzi hai walitoka milioni 147 hadi 134 katika muda huohuo. Toa mfumuko wa bei wa miaka hiyo, na utaona kilichouzwa hasa kilipungua zaidi ya namba zinavyoonyesha. Mapato yalishikiliwa na matangazo: muuzaji analipa ada ya kawaida, kisha analipa tena ili bidhaa yake ionekane juu. Ni pesa halali, lakini ina kikomo chake. Ukimkamua muuzaji sana, anapandisha bei au anahama.

Kuna jambo jingine ambalo mtu hulikuta akisoma taarifa ya mtiririko wa fedha badala ya kichwa cha habari. Mwaka 2024 eBay ilitumia zaidi ya dola bilioni 3 kununua hisa zake, na zaidi ya nusu bilioni kwa gawio. Fedha iliyobaki baada ya shughuli na uwekezaji wa mwaka huo ilikuwa takriban bilioni 2. Nyingine ilitoka wapi? Mwaka huohuo ilipata dola bilioni 2.4 kwa kuuza nusu ya hisa zake za Adevinta, kampuni ya matangazo madogomadogo. Kabla ya hapo iliuza StubHub, soko lake la tiketi, kwa bilioni 4 na ushei mwaka 2020, ikauza biashara yake ya matangazo madogo kwa Adevinta hiyohiyo, ikauza sehemu kubwa ya biashara ya Korea Kusini mwaka 2021. Ukiniuliza, huyu ni mwenye nyumba anayeuza kabati, kisha kitanda, kisha meza, na kila mwezi anawagawia wanawe pesa. Watoto wanafurahi. Swali ni siku vyombo vitakapokwisha.

Tena, si kila hisa iliyonunuliwa inapunguza idadi. Nyingine zinaziba tu pengo la hisa mpya wanazopewa wafanyakazi kama sehemu ya mshahara. Ukisoma "tumerudisha mabilioni kwa wanahisa," punguza kidogo kichwani.

Mwanafunzi aliyempita mwalimu

MercadoLibre inanifundisha kuliko Amazon, kwa sababu ilianza kama mnada hasa. Marcos Galperin aliianzisha Argentina 1999 kwa kuiga mtindo wa eBay, na mwaka 2001 eBay yenyewe ikachukua asilimia 19.5 ya kampuni hiyo, ikiwapa kwa kubadilishana tawi lake la Brazili. Kwa hiyo eBay ilikuwa na karibu moja ya tano ya kampuni ambayo hisa yake, dola 18 mwaka 2007, ilifunga 2024 karibu dola 1,700. Ikaiuza 2016.

Kilichotokea kati ya hapo ni kwamba MercadoLibre iliacha kuwa dalali mtupu. Watu hawakuwa na kadi za benki? Ikajenga mfumo wake wa malipo, Mercado Pago. Posta haikuaminika? Ikajenga usafirishaji wake. Wauzaji hawakopesheki? Ikaanza kuwakopesha. eBay nayo ilikuwa na mfumo wa malipo mkononi, tena bora duniani, iliyoununua 2002 kwa dola bilioni 1.5. Mwaka 2015, baada ya mwekezaji Carl Icahn kuishinikiza, ikauachia uende, na siku PayPal ilipoanza kuuzwa peke yake soko liliipa thamani kubwa kuliko mama yake. Mmoja alijiongezea viungo, mwingine alijikata.

Sikushauri ukimbilie huko macho yamefumbwa. Hisa hii imebeba deni la mikopo ya watu wa kawaida, sarafu za Argentina na Brazili, na upinzani mkali wa soko la mtandaoni la Shopee na Amazon yenyewe. Ina uwezo wa kuanguka theluthi moja kwa sababu ambazo mtu aliye mbali hawezi kuzifuatilia. Na bei yake inadai ukuaji wa miaka mingi ijayo, sawasawa na eBay ilivyodai 2004. Laana ya mshindi haina kampuni.

Etsy, soko la mtandaoni la vitu vilivyotengenezwa kwa mikono, naitaja tu kwa wale wanaodhani jibu ni soko dogo lenye utaalamu wake: karibu dola 300 Novemba 2021, chini ya 60 mwisho wa 2024. PayPal peke yake nayo ilipita 300 Julai 2021 kabla ya kuporomoka. Waliozishika tangu kileleni wanajua.

Nani achukue ipi

Kama unataka kampuni inayokurudishia fedha, haina makeke, na unainunua ikiwa bei ya chini ukilinganisha na faida yake, eBay inafaa, kwa sharti uitazame kila robo mwaka na uwe tayari kuuza. Aliyeinunua mwisho wa 2023, hisa ikiwa karibu dola 44 na kila mtu akiipuuza, alifanya vizuri sana: mwisho wa Julai 2025 ilivuka dola 90. Nakubali, nami ni miongoni mwa waliokuwa wakiipuuza.

Kama unatafuta ukuaji na moyo wako unahimili kuona nusu ya fedha ikiyeyuka kwa muda, Amazon ina misingi mipana zaidi, na leo faida yake kubwa hata haitoki dukani. Inatoka kwenye kukodisha kompyuta. Haitoi gawio. MercadoLibre ni ya anayeweza kusoma habari za Brazili na Argentina bila kuchoka, na kwa kiasi kidogo.

Na kama hutaki hayo yote, mfuko wa S&P 500 tayari unayo eBay ndani yake, na Amazon pia, kila moja kwa kiasi cha ukubwa wake. eBay ikifufuka, kipande chako kitakua chenyewe. Ikififia, kitapungua chenyewe bila wewe kukosa usingizi. Kwa watu tisa kati ya kumi wanaoniuliza swali hili, ndilo jibu langu, ingawa najua halifurahishi.

Kwa anayebaki na eBay, namba ya kufuatilia ni thamani ya bidhaa zinazouzwa, wala si faida kwa hisa, maana hiyo ya pili inapanda hata kampuni ikilala. Robo ya pili ya 2025 thamani hiyo ilikua asilimia 6, na hapo ndipo hisa iliporuka. Sehemu kubwa ya msukumo ilikuwa kadi za kukusanya, Pokémon na wenzake. Homa ya kadi tuliiona pia 2020 na 2021, watu wakiwa wamefungiwa majumbani, na mwaka uliofuata mauzo yakashuka kwa zaidi ya dola bilioni 13. Nitaisoma ripoti ya kwanza itakayotoka baada ya homa hii kushuka, nianzie kwenye mstari huo mmoja.